Hadithi yangu naitolea jasho, msiisambaze bila jina

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mchana nashona usiku naandika hadithi, naomba nafasi kidogo maana kuna jambo limenikaa rohoni.

Watu wanadhani mtunzi anakaa tu maneno yanakuja yenyewe. Wapi! Nifunge kibanda, nipike, watoto wale walale, ndo nashika daftari, hapo saa nne usiku imeshapita na mgongo unawaka moto kwa kuinamia cherehani kutwa nzima. Kuna siku nakesha napata ukurasa mmoja, asubuhi nikiusoma naukata wote. Kuna mahali kwenye hadithi yangu mama anamwambia binti yake kwamba baba aliyemlea siye aliyemzaa, pale nimepaandika mara 11, kila nikisoma yule mama naona anaongea kama mtangazaji wa redio, mpaka siku moja nipo napiga pasi gauni la mteja nikajua kumbe hatakiwi kusema chochote, amkabidhi tu binti ile picha halafu abebe ndoo aende kuchota maji. Nililia pale pale na pasi mkononi.

Sasa hizo hadithi nauza WhatsApp, sehemu moja shilingi 500, mtu ananirushia hela kwenye simu namtumia. Mwezi uliopita nimetuma sehemu ya 19 baada ya magharibi kwa watu 34 waliolipa, hata saa nne haijafika dada yangu yuko Dar ananipigia, kuna hadithi tamu kaisoma kwenye grupu lao la vikoba. Ni yangu. Bure, na jina limekatwa.

Najua aliyeanza kuisambaza pengine kaipenda tu akampa mwenzie, na hiyo 500 naweza kuisamehe japo ndo bando langu na ndo daftari. Lakini jina jamani! Mtu anakaa kabisa anafuta jina la mwenzie, inamsaidia nini?

Sisemi kazi hii ilikuwa rahisi zamani. Shaaban Robert, mtu wa huku huku kwetu, alikuwa karani wa forodha enzi za mkoloni na bado akaandika yote yale, akafariki 1962, Utubora Mkulima kimekuja kutoka 1968 mwenyewe hayupo kukishika. Nikichoka huwa namkumbuka. Siku hizi ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, washindi wa kwanza walipewa 2023, nashukuru sana, ila tuzo wanachukua wachache na sisi wengine tunaandika mwaka mzima.

Ndo maana nakuomba Mhariri, rudisheni ukurasa wa hadithi za mfululizo. Marehemu baba alikuwa akija na gazeti Jumapili tunagombania ule ukurasa mpaka unachanika, mimi nimejifunzia kuandika pale. Mtunzi alipwe hata kama ni kidogo, na jina lake likae juu kwa herufi kubwa.

Na nyie wasomaji mliopata sehemu ya 19 bila jina, mwandishi ndo mimi. Ya 20 bado sijaimaliza, Mwanaidi nimemwacha stendi ya Muheza mvua inanyesha, picha kaificha kwenye khanga, leo usiku narudi kwake.

Fundi cherehani,
Tanga