Wanaoandika habari za jiji watajwe

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya majarida ya habari za miji, ambayo iliwasifu wamiliki na wahariri wakuu lakini haikuwagusa watu wanaoifanya kazi yenyewe. Mwandishi wa habari hizi huketi katika kikao cha halmashauri hadi usiku, akisubiri ajenda ya maji taka ambayo wenzake wamekwisha kuikimbia, kisha hurudi mezani kulinganisha ramani ya mipango miji na hati za ardhi, kiwanja kwa kiwanja. Kazi hiyo, nakiri, haina mvuto wa picha za ufunguzi wa barabara.

Jarida la City Limits lilianza New York mwaka 1976, jiji likiwa bado linajikwamua katika msukosuko wa fedha wa mwaka 1975, nalo The Chicago Reporter lilianzishwa mwaka 1972 na John McDermott, mwanaharakati wa haki za kiraia. Msomaji aliyejua asili hizo aliweza kupima alichokuwa akisoma. Kwa hiyo nashauri kila toleo lichapishe majina ya waandishi, wapiga picha na wasahihishaji pamoja na maslahi yao, ili anayeandika juu ya kodi ya pango huku akimiliki nyumba za kupangisha aseme hivyo waziwazi. Wafadhili nao watajwe katika ukurasa huohuo, si kwa herufi ndogo nyuma ya jarida.

Msomaji wenu