Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Usanifishaji wa Data za Wagonjwa

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka unaokwisha, ambao sehemu kubwa yake imetumika kwenye suala moja: kuandaa fasili za pamoja za data za mgonjwa anayetoka hospitali kwenda kituo cha utengamao, kisha nyumba ya matunzo, na hatimaye kuhudumiwa nyumbani kwake.

Kamati ndogo ya viwango ilianza kwa kuweka mezani fomu za zamani za Marekani, kwa kuwa huko tatizo lilijionyesha waziwazi. Katika FIM, kipimo cha uwezo wa mgonjwa kujihudumia kilichotumiwa na vituo vya utengamao, alama ya 7 ilikuwa ya mgonjwa anayejitegemea kabisa na 1 ya anayesaidiwa karibu kila kitu. Katika MDS, fomu ya tathmini ya nyumba za matunzo, anayejitegemea alipewa 0, na 4 ikawa ya asiyeweza lolote bila msaada. Mjumbe mmoja alipouliza kama 4 ni nafuu au ni balaa, ilibidi kwanza tutazame kichwa cha fomu. Kwenye FIM, 4 ni mtu anayejifanyia angalau robo tatu ya shughuli. Hata muda wa kumwangalia mgonjwa ulitofautiana, siku 3 kwa fomu moja na siku 7 kwa nyingine.

Sheria ya Marekani iitwayo IMPACT, ya mwaka 2014, iliwataka watoa huduma wa aina nne, wanaompokea mgonjwa baada ya hospitali, watumie vipengele vya tathmini vilivyosanifishwa. Leo wanatumia kipimo kimoja cha 01 hadi 06, ambapo 06 ni kujitegemea. Hata hivyo, FIM haikuondolewa kwenye fomu ya vituo vya utengamao hadi Oktoba 2019, na ninaomba wanachama wanaotulaumu kwa kuchelewa walizingatie hilo.

Lawama nyingine ni kwamba hatujapendekeza programu ya kubadilishana data. Ni kweli, na tulifanya hivyo kwa makusudi. Ujumbe wa FHIR, yaani kiwango cha kupitisha data za afya kutoka mfumo mmoja wa kompyuta hadi mwingine, utaifikisha alama ya 4 salama salimini, lakini ikiwa aliyeiandika na anayeipokea hawajakubaliana maana yake, kosa litakuwa limesafiri kwa kasi zaidi, basi.

Rasimu ya fasili imekamilika kwa vipengele vya kutembea, kula, kuvaa na kumbukumbu. Vingine kadhaa tumeviondoa, kwa sababu kila swali linaloongezwa ni muda wa muuguzi kando ya kitanda, na binafsi ningeondoa zaidi. Kipengele cha maumivu bado kina ubishi: wauguzi wa nyumbani wanataka kiulize jinsi maumivu yanavyozuia usingizi na shughuli, ilhali wenzao wa hospitali wanataka alama ya 0 hadi 10 pekee.

Hesabu za chama zitasomwa na Mweka Hazina. Mjumbe atakayehudhuria mjadala wa rasimu aje na fomu inayotumika kituoni kwake, ikiwa tupu, isiyo na jina la mgonjwa yeyote.