Gawio la hisa za mafuta lipimwe kwa bei ya leo

Mhariri,

Wenye hisa za kampuni za mafuta na gesi wana hesabu yao wanayoipenda. Unachukua gawio la mwaka huu la hisa moja, yaani fedha ambazo kampuni huwagawia wenye hisa, unaligawa kwa bei uliyonunulia hisa hiyo miaka ile, unapata asilimia. Ulinunua kwa dola 40 wakati gawio ni dola 2 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 5. Leo gawio limefika dola 4, basi mwenye hisa anatembea kifua mbele: "Inanilipa asilimia 10." Hesabu yenyewe ni sahihi. Inaharibika pale inapotumiwa kuamua kama hisa ibaki au iuzwe, na kwa hisa za mafuta inaharibika vibaya kuliko kwingine.

Tuseme hisa hiyo leo inauzwa dola 100. Fedha ulizoziacha ndani ya kampuni ni hizo 100, wala si zile 40 za zamani, na juu ya 100 unapokea dola 4, yaani asilimia 4. Iwapo ipo kampuni nyingine yenye usalama uleule inayolipa asilimia 6 kwa bei ya leo, fanya hesabu pamoja na kodi. Ukiuza unapata faida ya dola 60. Ikitozwa kodi ya asilimia 15, unatoa dola 9 na kubaki na 91. Hizo 91 kwa asilimia 6 zinaleta dola 5.46 kwa mwaka, dhidi ya dola 4 unazong'ang'ania. Kwa mfano huu, kubadilisha kunakuwa na maana mradi hisa mpya inalipa zaidi ya asilimia 4.4, yaani 4 kugawa kwa 91. Asilimia 10 haikuingia popote katika uamuzi.

Jambo la pili ni muda. Kutoka asilimia 5 hadi 10 ni gawio kuongezeka maradufu. Likifanya hivyo kwa miaka 10, limekua kwa takriban asilimia 7.2 kila mwaka, na hiyo ni kazi nzuri. Likichukua miaka 20, ni asilimia 3.5 hivi, na mfumuko wa bei huenda umekula sehemu kubwa. Anayetaja asilimia yake bila kutaja mwaka aliponunua hajasema kitu.

Kwa nini mafuta hasa? Kwa sababu gawio lake linafuata bei ya bidhaa ambayo kampuni haiipangi. Aprili 2020 Shell ilipunguza gawio kwa mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kutoka senti 47 za Marekani kwa robo mwaka hadi senti 16. Aliyenunua kwa dola 20 alikuwa akijihesabia asilimia 9.4, akaamka na 3.2. Agosti mwaka huohuo BP ilikata lake nusu, kutoka senti 10.5 hadi 5.25. Occidental ya Marekani ilishuka kutoka senti 79 hadi 11, kisha hadi senti 1, yote ndani ya mwaka huo mmoja.

Kabla ya mkato wa Shell, bei ya hisa ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba gawio kwa bei ya soko lilivuka asilimia 10. Hiyo ilikuwa kengele: soko lilikuwa linasema haliamini kwamba senti 47 zitaendelea. Aliyekuwa akigawa kwa bei yake ya zamani hakusikia kitu, maana namba ya chini katika hesabu yake haitikisiki hata soko liungue.

Upande wa pili, tazameni Exxon Mobil mwaka huohuo wa 2020. Haikupunguza gawio; ililipa senti 87 kila robo, jumla dola 3.48 kwa mwaka. Mwenye hisa aliyenunua kwa dola 40 aliendelea kuona asilimia 8.7 bila mtikisiko. Lakini kampuni ilipata hasara ya takriban dola bilioni 22, ikalipa gawio la karibu bilioni 15, na deni lake likapanda kutoka takriban bilioni 47 hadi karibu 68. Gawio lilikuwa linalipwa kwa mkopo. Bei ya mafuta iliporudi juu, deni likapunguzwa na mambo yakaenda sawa, ila asilimia 8.7 isingekuonya hata kidogo kama bei ingechelewa kurudi.

Kinachofaa kutazamwa kiko katika ripoti ya mwaka, kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Anza na fedha zilizotokana na shughuli za kampuni, kabla ya mabadiliko ya madeni ya wateja na bidhaa ghalani, kwa sababu hayo yanapanda na kushuka kila robo na yanapotosha. Ondoa fedha za uwekezaji: visima, mitambo, mabomba. Ondoa malipo ya mikataba ya kukodi, hasa meli na majukwaa ya baharini. Hapa wengi hujikwaa kwenye riba. Baadhi ya kampuni za Ulaya, Shell ikiwamo, huweka riba iliyolipwa sehemu ya chini, penye mikopo na gawio, ilhali za Marekani huwa zimeshaitoa juu, ndani ya fedha za shughuli. Usipoiondoa mwenyewe kwa kampuni ya namna hiyo, utaiona ina nafuu isiyokuwa nayo. Kinachobaki ndicho kinacholipa gawio.

Kisha uliza gawio linasimama katika bei gani ya pipa. Kampuni inayotoa mapipa 500,000 kwa siku hutoa milioni 182.5 kwa mwaka. Bei ikishuka dola 10, mapato yanapungua dola bilioni 1.825. Kodi na mrabaha (malipo kwa mwenye haki ya mafuta yanayochimbwa) navyo vinapungua, kwa hiyo chukua kwamba fedha halisi zinazopotea ni karibu bilioni 1. Kampuni kubwa nyingi huchapisha makadirio yao ya namba hii. Ikiwapo, tumia yao. Sasa kama kwa bei ya dola 80 kinachobaki ni bilioni 3 na gawio ni bilioni 1.5, basi kwa dola 70 kinabaki bilioni 2, kwa 65 kinabaki 1.5 kamili, na kwa 60 kampuni inakopa au inakata. Bei iliwahi kuvuka dola 100 katikati ya 2014, na Januari 2016 ilikuwa chini ya 30. Dola 60 si hadithi ya kutisha watoto.

Visima navyo vinakauka. Shamba la mafuta ni kama gunia la mahindi: unalolipwa leo, sehemu yake ni mtaji wenyewe unaorudishwa. Mfano ulio wazi ni BP Prudhoe Bay Royalty Trust, amana ya Alaska iliyoundwa mwaka 1989 kulipa wanahisa mrabaha wa mafuta ya eneo moja tu. Kwa miaka ililipa vizuri mno, na waliokokotoa kwa bei ya kununulia walifurahi. Mapato yalipokauka mwaka 2023 na 2024, masharti yake yenyewe yakaifikisha ukomo. Kwa hisa ya namna hii, asilimia kubwa bila kujua akiba iliyobaki ardhini itatosha miaka mingapi haina thamani. Gawanya akiba iliyothibitishwa kwa uzalishaji wa mwaka mmoja, kisha tazama kama kampuni inarejesha mapipa inayoyatoa.

Magawio yanayobadilika, yaani gawio la msingi pamoja na nyongeza inayopanda na kushuka, ni mtego mwingine. Devon, kampuni ya mafuta ya Marekani, ililipa dola 1.55 kwa robo moja ya 2022. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa senti 22. Aliyezidisha ile robo nono kwa nne, akaigawa kwa bei yake ya zamani, alipata asilimia ya ajabu isiyotokea tena. Hesabu gawio la msingi peke yake. Kinachozidi ni bahati ya mwaka huo.

Wapo wanaodhani kampuni za mabomba zimesalimika kwa kuwa zinalipwa ada ya kusafirisha. Kweli zinategemea bei kidogo zaidi, lakini Desemba 2015 Kinder Morgan ilishusha gawio kutoka senti 51 hadi 12.5 kwa robo, kwa sababu ya uzito wa deni na mtaji iliouhitaji kujenga.

Anayetaka kuiweka hesabu hii kama kumbukumbu tu, aiweke sawasawa. Ulinunua hisa 100 kwa dola 40, ukatumia magawio kununua nyingine 30 kwa dola 80: umetoa jumla dola 6,400. Gawio la dola 4 kwa hisa 130 ni 520, yaani asilimia 8.1. Wengi hugawa 520 kwa 4,000 za mwanzo na kujitangazia 13. Kampuni ikijigawa, kama ConocoPhillips ilipoitenga Phillips 66 mwaka 2012 na kutoa hisa moja kwa kila mbili, bei ya kununulia lazima igawanywe kati ya hizo mbili. Vinginevyo utakuwa na hisa ya bure yenye asilimia isiyo na mwisho. Tena kata kwanza kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla gawio halijakufikia. Marekani humkata mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo asilimia 30, hivyo ile 8.7 ya Exxon mkononi ni 6.1. Uingereza haikati kitu kwa hisa za kawaida.

Namba hiyo ikishakokotolewa hivyo, inakueleza jinsi ulivyonunua. La kushika au kuuza lijibiwe kwa bei ya leo, na kwa pipa la dola 60.

Msomaji wa kurasa za biashara