Asante dada uliyeongea na babu yetu

Jina lako sijui ila kama unasoma hapa ujue ni wewe nakusema, yule dada uliyekuja kumwona mgonjwa wako ukaishia kukaa na babu yetu. Sisi wajukuu tumekua na Kiswahili tu, na babu kumbukumbu zilipoanza kupotea Kiswahili ndo kikatangulia kuondoka, mara nyingi ndo inavyokuwaga, lugha waliyojifunza ukubwani inaweza kupotea kabla ya ile ya utotoni, basi akawa anaongea kilugha chake sisi tunabaki kutabasamu tu.

Wewe ukavuta kiti ukakaa mbele yake aone mdomo wako, ukamwambia dogo aache kupiga kelele maana masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba, ongea taratibu kwa sauti nzito, swali moja halafu subiri. Na ule kusubiri jamani! Sisi tungeshajijibu wenyewe. Ukamwonyesha picha ya zamani kwenye simu yangu akaanza kusimulia, ukawa unatutafsiria huku unasema washeni rekoda, msitegemee vichwa vyenu. Ndo tukajua kumbe enzi zake alikuwa mcheza dansi matata, na bibi alimkataa kwanza haha (bibi mwenyewe hii hajawahi kuitamka).

Babu ameshatangulia. Rekodi ipo, tumewatumia ndugu wote, na mdogo wangu anajifunza lugha kupitia hiyo sauti, anakosea balaa lakini hakomi. Asante sana dada, na mgonjwa wako natumai alipona.