Risala ya Wahitimu wa Maabara ya Upimaji wa Mitandao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mlezi wetu, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Neno hilo tumelianza nalo kwa makusudi. Hapa ukumbini, itifaki ni utaratibu wa nani anatajwa kwanza na nani anafuata. Kwenye mtandao ni hivyo hivyo: nani aanze kusalimu, ajitambulishe vipi, ajibiwe nini, na akinyamaza asubiriwe kwa muda gani. Sisi tunaohitimu leo tumekaa miezi tisa tukiziangalia salamu hizo zikikwama, na tunakushukuru sana kwa kukubali kuja kusikia tulichokiona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ni kupima vifaa na programu mpya za mitandao ya maofisi kabla hazijaingia kazini: swichi na ruta zinazounganisha na kuelekeza mawasiliano, Wi-Fi, fayawoli zinazochuja kinachopita, seva za uthibitishaji zinazohakiki anayeingia. Tunauliza kama kifaa cha mtengenezaji huyu kinaelewana na cha yule, na kama maelewano yenyewe ni salama. Katika maofisi mengi maswali haya yanashughulikiwa na watu wawili tofauti, tena kwa miezi tofauti. Sisi tumefikia kuamini kwamba ni swali moja, na tunaomba utuvumilie tueleze kwa kisa kimoja kilichotupata.

Mwezi wa nne tulipewa swichi ya mtengenezaji mmoja, seva ya uthibitishaji ya mwingine, na katikati fayawoli ya mtengenezaji wa tatu. Tulitakiwa kuviunganisha kwa utaratibu wa 802.1X, ambao kiwango chake kilitolewa mwaka 2001. Ukichomeka waya kwenye swichi, mlango unabaki umefungwa mpaka seva iseme kwamba huyu anajulikana. Vifaa vyote vitatu vilikuwa vimeshafaulu majaribio ya viwandani kwao. Tukajaribu kuingia kwa jina na nenosiri, mlango ukafunguka. Tukajaribu kwa EAP-TLS, ambapo kompyuta inatoa cheti cha kidijitali badala ya nenosiri, mlango ukakataa. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Kumbukumbu za seva zilionyesha mazungumzo yameanza, halafu kimya, halafu muda umekwisha.

Kwa siku mbili tulivishuku vyeti. Tulivitoa upya, tukasawazisha saa za mashine zote, tukabadilisha hata nyaya. Siku ya tatu mwenzetu mmoja akanasa pakiti, yaani mafungu ya data yanayosafiri mtandaoni, pande zote mbili za fayawoli, akaziweka kwenye skrini mbili, akaanza kuzihesabu moja moja kwa kidole. Upande wa swichi, pakiti iliyobeba cheti ilitoka ikiwa imekatwa vipande viwili. Upande wa seva pakiti haikukamilika: kipande cha kwanza kilipita, cha pili hakikuonekana tena.

Sababu yake, ukishaelezwa, ni nyepesi. Cheti ni kirefu kuliko nenosiri. Kompyuta ilikuwa imekipakia karibu na kikomo cha baiti 1500, ambacho ndicho kiasi cha kawaida kinachobebwa na fremu moja ya Etheneti. Swichi ikaufunga mzigo huo ndani ya ujumbe wa RADIUS, itifaki ambayo swichi huitumia kuzungumza na seva, ikaongeza maelezo yake, uzito ukazidi, pakiti ikakatwa. Fayawoli nayo ilikuwa imewekwa itupe vipande vinavyofuata cha kwanza, na ilikuwa na haki, maana wavamizi wamekuwa wakificha mashambulizi ndani ya vipande tangu zamani. Ungemhoji mtengenezaji yeyote kati ya hao watatu angekuonyesha kwamba kifaa chake kinafuata sheria, na angekuwa anasema kweli. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu: kuiambia kompyuta ikigawe cheti mapema, katika mafungu madogo zaidi, kwa njia ambayo EAP-TLS yenyewe imeiweka.

Lakini kilichotubakia moyoni, Mheshimiwa, ni jioni ya siku ya pili. Tulikuwa tumechoka. Mmoja wetu akasema, "Jamani, si turudi kwenye nenosiri? Linafanya kazi." Hakuna aliyemjibu, kwa sababu sote tulikuwa tumeshaliwaza. Sisi tulikuwa maabara, tukaweza kungoja kesho. Fundi wa ofisini hangoji. Ana watu mia wamekaa bila mtandao na simu inaita mezani kwake. Atarudi kwenye nenosiri, ataandika kwamba ni kwa muda, na huo muda utadumu mpaka nenosiri la mtu mmoja liibwe. Ulinzi mwingi tunaousikia umeshindwa ulizimwa hivyo, kwa nia njema, na mtu aliyetaka wenzake wafanye kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatudai kwamba tumegundua jambo geni. Mwaka 1986 huko Monterey, California, mtaalamu wa mitandao Dan Lynch aliwakusanya watengenezaji wa bidhaa za TCP/IP, itifaki za msingi za Intaneti, kwa sababu maandishi ya itifaki yalikuwepo, lakini bidhaa zilizotokana nayo zilikuwa haziongei vizuri. Kutokana na mikutano hiyo, mwaka 1988 yakazaliwa maonyesho ya Interop, ambako vifaa vya makampuni yanayoshindana viliunganishwa kwenye mtandao mmoja mbele ya wateja. Mwaka 1990 mhandisi John Romkey alionyesha pale kibaniko cha mkate kinachowashwa na kuzimwa kupitia mtandao, kwa itifaki ya SNMP. Watu walikifurahia, na walikuwa na sababu: kumbe itifaki ya kusimamia ruta inaweza kusimamia chochote.

Sasa ifuate itifaki hiyo hiyo mbele kidogo. Kwa miaka mingi SNMP ilikuwa mfano wa utangamano uliofaulu, kila kifaa kiliielewa. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, wakaanza kuvipelekea vifaa ujumbe wa SNMP ulioharibiwa kwa makusudi: urefu usio wa kweli, namba kubwa kupita kiasi, sentensi zisizo na mwisho. Februari 2002 likatoka onyo la dunia nzima, kwa kuwa bidhaa za watengenezaji wengi zilianguka au ziliacha mlango wazi kwa mvamizi. Zilikuwa zimepimwa kwa salamu za watu wenye adabu tu. Tangu tulipojifunza habari hiyo, kila jaribio letu la utangamano lina nusu ya pili, ambapo upande mmoja unajifanya mtu mbaya. Mara nyingi nusu hiyo ndiyo inayotuchelewesha, na hatujawahi kujuta kuchelewa.

Mheshimiwa, haya si ya zamani. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kiwango cha ML-KEM, njia ya kukubaliana funguo za siri itakayohimili kompyuta za kwanta, zinazohofiwa kuja kuvunja siri za leo. Ufunguo wa wazi wa njia ya X25519, inayotumika sana sasa, una baiti 32. Wa ML-KEM-768 una baiti 1184. Ukiuweka ndani ya salamu ya kwanza ya TLS, itifaki inayofunga kwa siri mawasiliano ya mtandaoni, salamu haienei tena kwenye pakiti moja. Vipo vifaa vya katikati ya njia vilivyoandikwa na watu walioamini kwamba salamu itaenea siku zote. Kimoja cha namna hiyo tunacho maabara: kinaona nusu ya salamu, kinashindwa kuisoma, kinakata mawasiliano. Utaona, Mheshimiwa, ni kisa kile kile cha cheti chetu kimerudi na nguo nyingine. Na tunajua fundi aliyebanwa atafanya nini. Atazima ufunguo mpya.

Hata waliotunga TLS 1.3 walikutana na ukuta huu. Ilipotoka Agosti 2018 ilibidi salamu yake ivae namba ya toleo la 1.2, na namba ya kweli ikawekwa ndani zaidi, kwa sababu vifaa vingi njiani vilikuwa vinakata mawasiliano vikiona namba visivyoijua. Kwetu sisi wanafunzi hilo lilikuwa jambo la kusikitisha sana. Kazi ya miaka ya wataalamu bora ililazimika kujificha kwa sababu ya vifaa ambavyo havikuwahi kupimwa kwa kitu kipya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu zipo, tutazitaja kwa ufupi. Vifaa vya kupimia ni vichache na vingi ni vya mtengenezaji mmoja, hivyo vinaelewana bila kutufundisha kitu. Leseni za programu kadhaa zinakataza kutangaza matokeo ya majaribio bila idhini.

Kwa heshima kubwa tunaleta maombi kwako wewe ambaye sahihi yako iko kwenye mikataba ya ununuzi. Tunaomba zabuni za vifaa vya mtandao zidai jaribio la pamoja, kifaa kipya kikiwa kimefungwa na vile vilivyopo tayari, njia zote za ulinzi zikiwa zimewashwa, kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Hili ndilo ombi kubwa. Maneno "kinafuata kiwango" kwenye karatasi ya mauzo yasitoshe tena. Tunaomba pia vifaa mnavyoviondoa kazini vipitie kwetu kabla ya kutupwa, kwa maana ni hivyo vikongwe vinavyotuonyesha teknolojia mpya itakwama wapi. Na tunaomba mikataba ituruhusu kueleza kasoro tunazozipata, baada ya kumpa mtengenezaji siku 90 za kuzirekebisha. Chuo Kikuu cha New Hampshire kimekuwa na maabara ya utangamano tangu mwaka 1988, na wanafunzi ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa hiyo tunachokiomba kimewezekana kwingine, mikononi mwa vijana wa rika letu.

Walimu wetu, tunawashukuru kwa kutukatalia majibu siku zile mbili, ingawa baadaye tuligundua mlikuwa mnayajua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza ya majaribio iko chumba cha pili. Fayawoli ile tumeiacha kama ilivyokuwa siku ile, bado inatupa vipande, na skrini zote mbili zinawaka. Waya wa kuchomeka ni ule wa buluu. Asante kwa kutusikiliza, karibu sana uuchomeke.