Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: kabla ya shindano jipya, warudishieni watoto daftari lao

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu na heshima zote. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya ubunifu katika shule mojawapo iliyoshiriki shindano lako la mwaka jana, lile la wanafunzi kubuni suluhisho la kero za mtaani kwao. Nimeshakuandikia barua 2 za kawaida, nimepiga simu ofisini kwako mpaka sauti yangu wanaijua, na kila nikipiga naambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Nimevumilia mwaka mzima. Leo naandika hadharani kwa sababu ya yaliyotokea Alhamisi iliyopita.

Alhamisi mvua ilianza mchana na haikukatika. Wakati wa watoto kutoka shule lile kalavati la njiani lilikuwa limeshaziba, chupa za plastiki, mifuko, majani, kandambili, kila kitu kimejazana mdomoni na maji yamepanda juu ya njia, huwezi kujua mtaro unaanzia wapi. Tukaingia majini walimu 3 tukasimama kwa mstari tukawa tunawapitisha mmoja mmoja tumewashika mikono. Binti mmoja wa darasa la chini akateleza. Nilimdaka kwa mkanda wa begi, yaani lile begi ndo lililomuokoa, maana mkono wake ulikuwa umeshanitoka. Kiatu kimoja kilikwenda na maji, madaftari yote yaliloa, alitetemeka mpaka mzazi wake alipofika kumchukua. Yuko salama namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikupata usingizi, nikifumba macho naona begi.

Kesho yake asubuhi naingia kwa mwalimu mkuu viatu vikiwa bado na tope nakuta bango mezani, limetoka ofisini kwako. Shindano jipya la mwaka huu, wanafunzi mnaalikwa kubuni suluhisho la changamoto za jamii inayowazunguka. Na picha kubwa katikati ya bango ni watoto wangu wanne wa mwaka jana, wanacheka, wameshika modeli ya kalavati. Kalavati lilelile, Mheshimiwa. Lile ambalo jana yake lilitaka kuondoka na mtoto.

Naomba nikukumbushe ilikuwaje, kwa sababu nahisi una mambo mengi. Hawa watoto wanne hawakukaa darasani wakaota wazo. Msimu mzima wa mvua walikuwa wanakwenda pale kalavatini na fimbo waliyoichora mistari ya rangi, kila mvua ikinyesha wanapima maji yamefika wapi, yamechukua muda gani kupanda na muda gani kushuka, halafu maji yakipungua wanatoa takataka na kuzihesabu, chupa ngapi, mifuko ngapi, matawi mangapi. Yote wanaandika kwenye daftari. Daftari la jalada gumu la bluu, kona moja imeliwa na maji, kurasa za mwisho zina michoro ya penseli ya yule kijana mkimya ambaye darasani hanyooshi mkono ila ukimpa penseli anakuonyesha kitu kizima.

Kwenye lile daftari ndo waligundua jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua. Walianza na wavu wa nondo uliosimama wima mbele ya kalavati, wakaona unaziba mvua ya kwanza tu, takataka zinaulalia wote na maji hayana pa kupita. Wakaulaza, ukawa kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukilala hivyo maji yenyewe yanazisukuma takataka zipande juu, chini panabaki wazi maji yanapita, na mtu anaweza kusimama pembeni akazivuta kwa reki bila kuingia mtaroni. Halafu wakaongeza chupa tupu kama boya, maji yakipanda chupa inapanda, inagusisha misumari 2, taa ya betri inawaka upande wa shule, mwalimu wa zamu anajua watoto wasipite njia ile. Vitu vyote hivyo ni chakavu na vya kuokota, hawakuomba mtambo.

Majaji walishangaa. Mheshimiwa mwenyewe ulisimama jukwaani, ukamshika bega yule kijana wa michoro, ukasema mawazo ya watoto hawa hayataishia ukumbini, wahandisi watakuja kuangalia kalavati kabla ya mvua zinazofuata. Niliyasikia kwa masikio yangu, wazazi waliyasikia, watoto waliyasikia na ndio waliyoyashika zaidi. Baada ya hapo maofisa wako wakaomba modeli na daftari kwa ajili ya maonyesho, wakasema ni wiki 2. Tukawapa. Nilitia saini mimi.

Mvua zilizofuata zikaja. Zikapita. Sasa ni mvua nyingine. Hajaja mhandisi hata mmoja hata kupiga picha.

Sasa nimekaa najiuliza imekuwaje na sina wa kunijibu kwa hiyo nakisia tu. Labda bajeti ya shindano inaishia siku ya kugawa vyeti, yaani kuna fungu la ukumbi, la fulana, la mabango, na hakuna fungu la kufanya kile kilichoshinda. Labda idara yako na idara ya mitaro haziongei, mnaandikiana tu barua. Labda ofisa aliyelipokea faili amehamishwa. Mimi sijui, lakini naona shindano limepangwa ili liishe siku moja wakati kero yenyewe haiishi siku moja.

Na hili linawezekana kufanywa vizuri, maana kuna watu wamefanya. Mwaka 1974 huko Marekani mwanasaikolojia E. Paul Torrance alianzisha mpango wa kuwafundisha wanafunzi kutatua matatizo, na mpango huo una tawi la matatizo ya jamii ambapo kikundi kinatakiwa kiutekeleze mpango wake kweli kule kwenye jamii, sio kuueleza mezani tu. Utekelezaji ni sehemu ya shindano lenyewe. Gitanjali Rao alikuwa na miaka 11 mwaka 2017 aliposhinda shindano la wanasayansi chipukizi kule kwao Marekani kwa kifaa cha kugundua madini ya risasi kwenye maji, wazo lilimjia baada ya kufuatilia habari za maji ya mji wa Flint, yaliyokuwa yameingiwa na madini hayo. Kwenye shindano lile wanaofika fainali wanapangiwa mwanasayansi wa kukaa nao na kuwaongoza. Mwaka huohuo mabinti watano wa Kisumu walifika fainali za Technovation, shindano la kimataifa la wasichana wanaobuni teknolojia, kwa programu yao ya simu ya I-Cut ya kuwasaidia wasichana walio kwenye hatari ya kukeketwa, na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. Miaka 2 baadaye bado kazi yao ilikuwa inatajwa. Sisi miaka 2 baadaye tutakuwa na nini zaidi ya bango?

Nikuambie pia kuhusu fomu. Fomu ya kushiriki ina mstari mdogo chini kabisa unaosema kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji. Mwaka jana sikuusoma vizuri na hilo ni kosa langu, nimelibeba. Lakini Mheshimiwa, hakimiliki ya mchoro inazaliwa mtoto anapouchora, hausajili popote, huo ni msingi wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, sasa iweje mtoto aipoteze kwa mstari ambao hata mwalimu wake anahitaji miwani kuusoma? Na upande wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ndo kubaya zaidi, kwa sababu katika nchi nyingi ukishauonyesha uvumbuzi hadharani kabla ya kuombea hataza, upya wake umekwisha. Hakuna aliyewaambia watoto hilo kabla ya kuwapandisha jukwaani mbele ya kamera. Wangu hawakutaka hataza, walitaka kalavati lisizibe, ila kuna watoto wengine pale walikuwa na vitu vya kulindwa na waliviweka mezani mchana kweupe.

Upande wangu, sitaki kuonekana nalalamika lakini nitasema. Zile Jumamosi zote nilizokaa na watoto mtaroni hakuna aliyenilipa na sikudai. Rangi ya fimbo nilinunua mimi, betri nilinunua mimi. Nyumbani waliniuliza kwa nini nawalea watoto wa watu kuliko wangu, nikajibu subirini mtaona. Nimekuwa nasema hivyo mwaka mzima, kwa familia yangu, kwa wazazi, kwa watoto wenyewe, subirini mtaona, na sasa nikipita kwenye korido na wale wanne wanakuja nabadilisha njia. Mwalimu mzima nawakimbia wanafunzi wangu. Juzi nilipoitisha majina ya shindano jipya hakunyoosha mkono mtoto hata mmoja. Klabu ilikuwa na watoto 30 na zaidi, siku hiyo walikaa 7, na mmoja akaniuliza, mwalimu, tukishinda ndo watatufanyia nini? Nilinyamaza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, Ibara ya 12, unasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito. Hawa walitoa, na namba wakaweka. Uzito uko wapi?

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai matatu. La kwanza mhandisi aje. La pili shindano jipya lisimame mpaka mtueleze washindi wa mwaka jana wamefikia wapi, kila shule, kila wazo, kwa maandishi. La tatu ule mstari wa fomu ufutwe. Bado nayataka yote matatu na nitaendelea kuyadai. Ila nimeandika mpaka hapa nikagundua kuna moja ambalo halihitaji bajeti, halihitaji kikao, halihitaji idara nyingine kukubali, na ofisi yako inaweza kulifanya kesho asubuhi.

Turudishieni daftari. Modeli bakini nayo kama mnaipenda, ni maboksi na gundi, tutatengeneza nyingine. Daftari hatuwezi kulitengeneza upya kwa sababu zile mvua hazitanyesha tena. Wazazi wamekubaliana kuuweka wavu wenyewe kwa mikono yao, kuna baba mmoja anachomelea vyuma amesema atajitolea, anachotuuliza ni vipimo, nondo ziachane kiasi gani, wavu ulale kiasi gani, na vipimo vyote vimo mle, ukurasa wenye mchoro mkubwa wa penseli. Bila daftari tunakisia, na tukikosea kukisia wavu utaziba na maji yatapita juu tena.

Jalada gumu la bluu, kona imeliwa na maji, ndani limeandikwa jina la shule kwa kalamu nyekundu. Mkilitafuta kwenye kabati la vitu vya maonyesho nadhani mtaliona. Nitakuja mwenyewe kulichukua, siku yoyote, saa yoyote, msihangaike na posta.

Alhamisi, baada ya kila mtoto kufika kwao, wale wanne walirudi pale na fimbo yao. Sikuwatuma, na ningejua ningewakataza. Maji yalikuwa yamepita mstari mwekundu wa juu kabisa, ambao msimu ule mzima hayakuwahi kuufika. Wameandika kwenye karatasi, tarehe, saa, urefu wa maji, na karatasi hiyo iko mezani kwangu nimeiwekea jiwe isipeperuke, inasubiri daftari ibandikwe.

Wako mwenye heshima,
Mwalimu mlezi wa klabu ya ubunifu