Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Sindano ya nyoka isisubiri faida

Mheshimiwa Waziri,

YAH: DAWA YA SUMU YA NYOKA KATIKA VIJIJI VYA TUMBAKU NA ASALI

Nakuandikia kutoka Sikonge, mkoani Tabora. Mwezi Machi mwaka jana mdogo wangu alikuwa analinda usiku moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Anayelima tumbaku ya mvuke anaijua kazi hiyo: moto hauachwi uzimike, usiku na mchana, karibu wiki nzima, na kuni zinarundikwa pembeni ziwe tayari. Alipeleka mkono kwenye rundo kuvuta gogo. Kifutu alikuwa amejikunja humo ndani, akifuata joto. Akamgonga kiganjani.

Saa nne usiku tulikuwa kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika asianguke. Tulipofika zahanati mkono ulikuwa umevimba hadi juu ya kiwiko, ngozi imekaza inang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na fizi zimeanza kutoa damu. Muuguzi alimtundikia dripu, akailegeza polepole kamba tuliyokuwa tumemkaza kwa kutojua, kisha akatuambia ukweli: sindano ya nyoka hapa hakuna. Tuliipata kesho yake mchana, mjini, kwa kununua chupa moja moja, na sumu ya kifutu haimalizwi na chupa moja. Kaka yetu aliuza maksai wawili, ndio waliokuwa wakilima mashamba ya nyumba tatu. Mdogo wangu yu hai. Vidole viwili vilikatwa, na mkono ule haushiki jembe tena.

Yule muuguzi simlaumu hata kidogo. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kujua kwa nini dawa ile ni adimu hivi, na nilichokikuta kimeniuma kuliko nilivyotarajia.

Dawa yenyewe ni ya tangu miaka ya 1890. Farasi anadungwa sumu kidogo kidogo hadi mwili wake ujijengee kinga, kisha damu inatolewa na kinga ile inachujwa. Hakuna hataza, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, inayotufungia mlango. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, hadi mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza bei ya dola 350. Pale kizuizi kilikuwa hataza, kwa hiyo kulikuwa na wa kushindana naye, na bei ikashuka. Kwenye sumu ya nyoka hakuna anayetuzuia. Watengenezaji kadhaa wameondoka tu, kwa sababu anayegongwa na nyoka ni mkulima, mchungaji, mrina asali, na mfuko wake unajulikana.

Sanofi ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotibu sumu ya aina 10 za nyoka wa Afrika. Ikaacha kwa kuwa haikuwa na faida, na chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Mwaka 2014 mauzo ya kampuni hiyo yalizidi yuro bilioni 30. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa viungo ni kama mara tatu ya hao. Mdogo wangu ni mmojawapo.

Wala si kila chupa yenye picha ya nyoka itatufaa. Nchini Ghana, hospitali moja ilipobadilisha dawa na kutumia iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India, vifo vya waliogongwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kwa hiyo bei rahisi peke yake isiwe kigezo cha zabuni. Dawa ipimwe kwanza dhidi ya sumu ya kifutu wetu, koboko wetu na swila wetu. Wayeye, mafundi wa nyoka wa Usukuma na Unyamwezi, wanawajua nyoka hawa na maficho yao kuliko mtu yeyote. Washirikisheni.

Mheshimiwa, chombo cha kufanyia kazi hii unacho. Bohari ya Dawa, inayonunua na kusambaza dawa za Serikali, ndiyo iliyopewa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi 16 wanachama. Nchi moja ikiagiza chupa chache, mwaka huu ndiyo, mwakani hapana, hakuna kiwanda kitakachofuga farasi kwa ajili yake. Nchi 16 zikiagiza kwa mkataba wa miaka mitano, kwa idadi inayojulikana, mtengenezaji atapata sababu ya kubaki na bei itazungumzika. Naomba dawa ya sumu ya nyoka iingizwe kwenye ununuzi huo. Naomba pia itolewe bure kwa aliyegongwa, maana mtu hawezi kutafuta mnunuzi wa ng'ombe huku sumu inapanda.

Na ifike chini, kwenye vituo vya afya vya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, pamoja na mafunzo kwa wauguzi, kwa sababu sindano hii yenyewe yaweza kumletea mgonjwa mzio mkali. Mvua huku huanza Novemba. Mabani yatawashwa miezi michache baadaye, na kuni zimeshaanza kurundikwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa tumbaku, Sikonge